Vidole Vinne vya Bonge

Suruali ya mtu aliyekonda hupunguzwa kwa kipimo cha mwili upi: ule aliokuwa nao, huu alio nao, au ule anaoungoja? Profesa alijiuliza swali hilo saa tatu asubuhi ya Jumamosi, akiwa amesimama mbele ya meza ya chakula, mkasi mkono wa kulia na chaki mkono wa kushoto, huku jinzi ya baba yake ikiwa imelala kifudifudi juu ya meza kama mgonjwa anayengoja sindano. Jibu hakuwa nalo, na jambo hilo lilimkera, kwa kuwa alizoea kuwa na majibu ya karibu kila kitu.

Uprofesa wenyewe binti huyo alikuwa ametunukiwa na baba yake. Alikuwa bado mwaka wa pili chuo kikuu, lakini siku aliporudi likizo aliitangazia familia kwamba kwa mwaka mzima hatanunua nguo mpya, na kwamba kila nguo iliyomo kabatini ina maisha mengine ndani yake, mradi apatikane mtu wa kuyatafuta. Baba yake alimsikiliza hadi mwisho, akapiga makofi matatu, akasema, "Asante sana, Profesa. Sasa tupishe tuangalie mpira." Tangu hapo jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu.

Baba naye hakuitwa kwa jina lake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtengenezaji wa mageti na madirisha, na kule karakana wenzake walimwita Bonge. Hawakumsingizia. Alikuwa mtu wa kujaza mlango. Mtungi wa gesi ambao wengine waliubiringisha wawili wawili, yeye aliukumbatia kama mtoto aliyelala na kuupeleka panapotakiwa. Kisha tumbo likamwangusha. Akafanyiwa upasuaji, akalazwa wiki tatu, na mtu aliyerudi nyumbani alikuwa na sauti ya Bonge, vicheko vya Bonge, na mwili wa mtu mwingine kabisa. "Daktari alinipunguza bila kunipima," aliwaambia wageni, na wageni wakavunjika mbavu. Katika vicheko hivyo hakuna aliyetambua kwamba mwenye utani alikuwa hajavuka geti la nyumba yake kwa mwezi wa pili sasa.

Daktari alikwisha kumruhusu kurudi kazini, kwa sharti moja lisilo na mjadala: asinyanyue kitu kizito mpaka atakapoambiwa, maana mshono wa ndani hupona polepole kuliko wa nje. Mkuu wa karakana alikwisha kumwita mara mbili. Mara ya kwanza Baba alisingizia mvua. Mara ya pili alisingizia goti, goti ambalo halijapata kuumwa tangu aumbwe. Mara ya tatu mkuu alisema kwa upole, lakini alisema: "Bonge, Jumatatu. Usipofika, nitaweka mtu mwingine kwenye meza yako." Baba akajibu kwamba yeye yuko tayari siku nyingi, tatizo ni suruali.

"Suruali?" Mama aliuliza simu ilipokatwa.

"Nikifunga mkanda inajikunja kiunoni kama mdomo wa gunia. Niingie karakana hivyo? Watasema, Bonge gani huyu?"

Aliyasema maneno hayo ya mwisho akicheka, lakini Profesa, aliyekuwa mlangoni, aliona kwamba macho hayakushiriki kicheko. Hapo hapo akajitolea. Jinzi ile angeipunguza yeye, hapa hapa nyumbani, na Jumatatu Baba angeingia karakana akiwa amevaa suruali yake ile ile, yenye vitundu vya cheche mapajani, magoti yaliyopauka, na mfuko wa nyuma ulioshika umbo la futi ya chuma. Hakuwa amepata kushona kitu kikubwa kuliko mfuko wa mto. Hilo hakulitaja.

Kipimo alikitoa Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ambaye alishona nguo za watu kwa miaka mingi mpaka macho yalipoanza kumgomea. Jana alasiri alikuja na cherehani yake ya kuazimisha, akamsimamisha mdogo wake katikati ya sebule kama mwanafunzi mtoro, akaibana suruali kiunoni kwa vidole vyake, asijishughulishe hata kuutafuta utepe wa kupimia.

"Vidole vinne," alitoa hukumu. "Viwili huku, viwili huku. Na usikate kitambaa, mwanangu. Acha akiba."

Akiba, kwa lugha ya mafundi, ni kitambaa kinachobaki ndani ya mshono, kisichoonekana, ili nguo ikihitaji kupanuka iwe na mahali pa kupanukia. Ni neno zuri, na Profesa alilipenda kama neno. Kama jambo, lilimpa taabu. Alikuwa na imani kwamba ukweli ukikubaliwa mapema huuma mara moja tu. Baba alikuwa amekonda. Basi avae suruali ya mtu aliyekonda, iliyokatwa vizuri, isiyobeba kiunoni bonge la kitambaa linalomnong'oneza kila siku kwamba huyu siye yeye. Lakini mkono ulioshika mkasi haukusogea.

Mama alitokea jikoni akiwa na mwiko. "Unakata?"

"Nafikiria, Mama."

"Shangazi yako alisema nini?"

"Alisema niache akiba. Lakini Mama, si ni kama tunamdanganya? Tunamwambia mwili utarudi, je, usiporudi?"

"Na wewe unamwambia hautarudi. Umetumwa na nani?" Mama aliutikisa mwiko, tone la uji likadondoka sakafuni. "Nimeishi na ule mwili miaka ishirini na mitatu, mwenzio nimeuzoea. Usiufukuze kwa mkasi."

Profesa akacheka bila kutaka, akauweka mkasi kando. Alijipa hoja ya kisomi: kukata kungesubiri mpaka suruali ijaribiwe. Hakujua kwamba hoja hiyo, aliyoitoa kwa kuogopa tu, ingekuja kumwokoa.

Akaanza kazi. Alifumua ukanda wa kiuno pande zote mbili, nyuzi za rangi ya chungwa zikilalamika moja moja. Akaondoa vitanzi viwili vya mkanda. Akaigeuza suruali ndani nje, akaweka vidole viwili juu ya mshono wa ubavuni, akachora chaki pembeni yake, na kuishusha alama ile taratibu mpaka ikapotelea kwenye paja. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Viwili huku, viwili huku. Sindano ya kwanza ilivunjika hata kabla haijazoeana naye. Akatia ile nene ambayo Shangazi alimwachia kwa ajili ya jinzi, na kila alipofika penye tabaka nyingi za kitambaa aliacha kukanyaga, akalizungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu, ulimi ukiwa nje kidogo. Mkanda wa Baba ulining'inia kwenye kiti mbele yake. Ulikuwa na matundu matano ya kiwandani na matatu ya msumari, yaliyotobolewa na Baba mwenyewe jinsi alivyozidi kupungua. Tundu la mwisho lilikwisha kuvutika na kuwa refu kwa kutumiwa kila siku. Profesa aliliona, akaendelea kushona.

Kabla ya saa sita kazi ilikwisha. Akaipiga pasi, akaikunja juu ya mikono yake miwili kama zawadi ya mahafali, akagonga mlango wa chumbani.

"Baba, jaribu."

"Profesa! Tayari? Nilijua nitavaa shuka Jumatatu."

Mlango ukafungwa. Nyuma yake zikasikika hatua, guno, hatua nyingine, guno refu zaidi. Profesa alisogeza sikio mlangoni. Halafu ikapasuka sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa miezi mitatu.

"Mama Profesa! Mama Profesa, njoo uone maajabu!"

Mama alikuja mbio. "Nini? Umeanguka?"

"Nimenenepa!"

Baba alitoka kama bwana harusi. Jinzi ilikuwa imembana mapaja, imembana nyonga, na ilipofika kiunoni ilikuwa imekata tamaa kabisa. Kifungo kilikuwa upande mmoja na tundu lake upande mwingine, vikitazamana kama watu waliogombana. Alijipiga kiganja kwenye kipande cha tumbo kilichokuwa wazi.

"Hii suruali jana ilikuwa inanidondoka. Imepunguzwa vidole vinne tu, vinne! Leo haifungi! Unaelewa maana yake? Kile chakula chenu kimefanya kazi. Ule uji niliokuwa nautukana, naomba radhi kwa uji."

"Jamani!" Mama alishika mashavu.

Kabla Profesa hajafungua kinywa, simu ilikuwa sikioni. "Halo, Mkuu! Bonge hapa. Bonge mwenyewe! Jumatatu saa mbili nimefika. Na uwaambie vijana mtungi wasiuguse, nakuja kuubeba mimi. Ndiyo! Suruali? Suruali imenikataa, Mkuu, haifungi!" Akacheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta. Kisha akaenda mezani, suruali wazi, fulana ikifunika aibu, akala mayai mawili na mkate ambao kwa wiki nyingi alikuwa akiupa heshima ya kuutazama tu. Akaomba mwingine.

Profesa alikaa upande wa pili wa meza akimtazama. Furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni, lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kinachowasha. Baba alipoinuka kwenda kunawa, fulana ilipanda, na Profesa akaliona pengo kati ya kifungo na tundu lake. Kama mtu aliyetumwa, aliinua mkono wake hewani na kulipima kwa mbali. Vidole vinne. Si vitatu, si vitano. Vinne kamili.

Wakati huo huo Shangazi aliingia sebuleni bila hodi, kama ilivyokuwa kawaida yake, akifuata cherehani. Profesa alimshika mkono akamvuta kwenye kona ya dirisha.

"Shangazi, haifungi. Nilipunguza vidole vinne kama ulivyosema, viwili huku na viwili huku."

"Ulipima vipi?"

"Vidole viwili kutoka kwenye mshono, nikashona hapo."

Shangazi aliing'ata midomo kuzuia kicheko. Akachukua gazeti kuukuu kutoka dirishani, akalibana katikati likatoa mkunjo wenye kina cha vidole viwili, akaukandamiza kwa ukucha. "Hapa nimekula vidole vingapi vya gazeti?"

"Viwili."

Shangazi akalikunjua. Alama za mkunjo zilionekana, na toka mwanzo mpaka mwisho wa sehemu iliyokuwa imebanwa, mbele na nyuma, kulikuwa na vidole vinne.

Profesa akafumba macho. Mshono ukiingia ndani vidole viwili, hula viwili vya mbele na viwili vya nyuma. Alitakiwa aingie kidole kimoja tu kila upande. Mafundi wote hulijua jambo hilo, na kwa kuwa wote hulijua, hakuna anayelisema. Badala ya kupunguza vinne, alikuwa amepunguza vinane. Baba hakuwa amenenepa hata uzi. Suruali ndiyo iliyokonda kumpita.

"Chuo kikuu mwaka wa pili," Shangazi alinong'ona, mabega yakimtikisika. "Vidole nane!"

"Vinane," Profesa alisahihisha kwa mazoea, kisha akaona aibu. "Shangazi, nifanye nini? Umemsikia alivyofurahi? Amekula mayai mawili."

Kicheko kikatoweka usoni mwa Shangazi. Alitazama upande wa korido, ambako mdogo wake alikuwa akinawa mikono huku akiimba. "Usifanye kitu. Nyamaza. Nitaichukua, niifumue alasiri, niishone upya. Jumatatu ataivaa, itafunga. Nitamwambia jinzi hulegea ikipigwa pasi. Mwache na furaha yake. Miezi mitatu sijamsikia akiimba."

Lilikuwa pendekezo la upendo, na kwa dakika nzima Profesa alilikubali. Nani angeumia? Angekwenda kazini akijiona Bonge, na huenda kujiona huko kungemrudisha kweli. Kitabu gani cha maadili kingemlaumu binti kwa kuficha kosa la chaki?

"Mama Profesa!" Baba aliita kutoka jikoni. "Sogea hapo kidogo. Nataka nijipime kabla ya Jumatatu."

"Ujipime na nini?"

"Na huu mtungi."

Profesa alikimbia. Alimkuta baba yake ameinama mbele ya mtungi wa gesi ya kupikia, uliojazwa wiki hii hii, mikono imekwisha kuukumbatia, miguu imepanuka kwa namna ya zamani. Mama alikuwa amemshika fulana kwa nyuma, akiivuta kama mtu anayezuia gari kwa kamba.

"Baba, usinyanyue! Nilikosea mimi!"

Baba aligeuza kichwa, bado ameinama. "Ulikosea nini?"

"Hesabu. Nilipunguza vidole vinane badala ya vinne. Nilisahau kwamba kitambaa kikikunjwa huhesabiwa mara mbili. Hujanenepa, Baba. Mwili ni ule ule wa jana."

Baba aliuachia mtungi, akajinyoosha polepole, mkono mmoja ukienda wenyewe mahali penye mshono wake, akaketi kwenye stuli ya jikoni. Akaweka vidole vyake vinne kati ya kifungo na tundu. Vilienea sawasawa.

"Kwa hiyo suruali ndiyo iliyopungua," alisema. "Mimi nipo pale pale."

"Naomba uniwie radhi, Baba."

"Nimeshampigia Mkuu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemwambia haifungi. Sasa wataniona nilivyo, halafu watakumbuka na majigambo yangu. Bora nisiende kabisa."

Profesa alipiga moyo konde. Alirudi sebuleni, akachukua mkanda kwenye kiti, akaja akachuchumaa mbele ya stuli na kuulaza kwenye magoti ya baba yake.

"Hapa kuna matundu matatu uliyotoboa kwa msumari," alisema. "La kwanza, ulinisimulia mwenyewe, ulilitoboa ulipotoka hospitali. La pili, wiki iliyofuata. Hili la tatu ulilitoboa kabla ya mimi kufunga chuo, na mimi nina wiki ya tano nyumbani. Tangu hapo hujatoboa lingine. Hujanenepa, Baba, sitakudanganya. Lakini umeacha kupungua. Tundu hili limerefuka kwa sababu umekaa hapo hapo muda mrefu, na mtu hawezi kuanza kurudi kabla hajasimama."

Baba aliuinua mkanda, akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia tundu la tatu kama anavyochungulia kiungo cha chuma kilichochomelewa na mtu asiyemwamini.

"Wiki tano?"

"Tano," Mama alijibu. "Mimi mwenyewe sikuwa nimehesabu."

"Huyu mtoto," Baba alisema, "anajua kuhesabu matundu ya mkanda na hajui kuhesabu vidole." Kisha kicheko kikamjia kwa mbali, kwanza puani, halafu mabegani, na safari hii macho yalishiriki. Shangazi, aliyekuwa ameegemea mlango akijikaza kisabuni, naye akashindwa. Mama alicheka akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Hata Profesa alicheka, ingawa aibu ilikuwa bado inamchoma masikioni.

"Ulikata?" Shangazi aliuliza ghafla. "Niambie hukukata."

"Sikukata."

"Mungu mkubwa. Ungekata vinane, ungebaki na kaptula ya mwanasesere."

Profesa alisimama, akanyoosha mikunjo ya gauni lake, na akazungumza na wote watatu kwa ile sauti yake ya mihadhara. "Naifumua sasa hivi. Nitashona kwa kidole kimoja kila upande, Shangazi akiwa amekaa pembeni yangu. Na sikati, leo wala kesho. Suruali ni ya mwili huu alio nao, lakini akiba inabaki ndani."

"Mshono wangu nao una akiba?" Baba aliuliza.

"Wako una sharti," Mama alisema. "Usinyanyue."

Baba aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei ambayo hakuipenda. Akautazama mtungi pale chini, mtungi ukamtazama. Kisha akaichukua simu kutoka mfukoni, akaibonyeza, akaiweka kwa sauti ili wote wasikie.

"Halo, Bonge?" sauti ya mkuu ilijaza jiko. "Usiniambie umeahirisha."

"Sijaahirisha, Mkuu. Napiga kusahihisha. Suruali ilishonwa vibaya. Mimi bado mwembamba, utaniona. Jumatatu saa mbili nakuja. Mtungi sibebi, waubebe vijana, na mimi nitachomelea nikiwa nimekaa."